Dodoso la kulipwa kwa mhudumu wa afya: kinachonunuliwa hasa ni nini?

Ujumbe wenyewe huwa hivi: "Wauguzi, madaktari, wafamasia! Jaza dodoso la dakika 15, ulipwe dola 100. Nafasi zinaisha leo." Unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wodi saa mbili usiku, watu wakikabidhiana zamu, na kabla hakujapambazuka umeshafika Sengerema, Magu na Ukerewe. Wa kwanza anajibu kuwa huo ni utapeli. Wa pili anasema anamfahamu daktari aliyeko Uingereza anayelipwa kwa kazi hiyohiyo. Wa tatu hajibu kitu, maana keshatuma picha ya leseni yake na kitambulisho cha NIDA.

Wa kwanza na wa pili wanaweza kuwa sahihi wote wawili, ndiyo maana ubishi hauishi. Madodoso ya kulipwa kwa wataalamu wa afya yapo, yana wateja wake na kanuni zake, na watu hulipwa. Utapeli unaojificha ndani ya jina hilo nao upo. Tatizo ni kwamba neno moja limebebeshwa mambo manne, na kila anayebishana ana lake kichwani.

Neno moja, mambo manne

Dodoso, au hojaji kama wengine wanavyoiita, ni maswali yaleyale yanayoulizwa watu wengi kwa namna ileile ili majibu yao yaweze kulinganishwa. Hapo hakuna malipo wala dola. Yanayotofautiana ni nani anauliza na anataka afanye nini na majibu.

Jambo la kwanza ni utafiti wa soko, na ndilo makala haya yanalohusu zaidi. Kampuni ya dawa, ya vipimo vya maabara au ya vifaa tiba inataka kujua wataalamu wanafanya uamuzi vipi. Kwa mfano, kwa nini tabibu humpa mgonjwa dawa hii na si ile, mteknolojia wa maabara anakerwa na nini kwenye mashine anayotumia, muuguzi hupata shida gani kumpa praziquantel mtoto wa miaka miwili asiyeweza kumeza kidonge kile kikubwa. Majibu hununuliwa kwa sababu yanaokoa fedha: ni nafuu kuuliza watu mia mbili kabla ya kutengeneza kifungashio kuliko kugundua baadaye kuwa hakifai.

La pili ni utafiti wa kisayansi. Mwanza una historia ndefu ya huu kupitia kituo cha NIMR, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kitengo cha utafiti wa majaribio cha MITU, pamoja na hospitali ya Bugando na chuo chake cha CUHAS. Lengo hapa ni kupata elimu itakayochapishwa, na kabla ya swali la kwanza kuulizwa lazima kamati ya maadili iwe imetoa kibali. Mshiriki hurudishiwa nauli na kufidiwa muda, kwa kiasi ambacho kamati imekiona na kukikubali. Hapa pia watu huchanganya kazi mbili. Kijana anayezunguka Igoma au Buhongwa na kishikwambi akiuliza maswali ni mdodosaji, ana mkataba wa muda na ni mwajiriwa. Anayejibu hajaajiriwa na mtu.

La tatu ni tangazo lililovalishwa koti la dodoso. Unaulizwa maswali manne mepesi, la tano linakueleza uzuri wa dawa fulani, la sita linaomba namba yako ili mwakilishi wa mauzo akupigie. Kanuni za utafiti wa soko zinakataza jambo hili waziwazi, kwa sababu linaharibu imani ya watu kwa watafiti wa kweli.

La nne ni utapeli mtupu. Humo dodoso ni chambo, na samaki ni wewe.

Kijiko cha mchuzi

Wengi huuliza: kwa nini mtu wa Ulaya alipe fedha ili tu ajue maoni yangu? Fikiria mpishi wa sufuria kubwa ya mchuzi wa sato. Hanywi sufuria nzima kujua kama chumvi imekolea. Huchota kijiko kimoja. Lakini kabla ya kuchota hukoroga, kwa sababu kijiko cha juu juu kitampa mafuta matupu na kumdanganya. Kijiko hicho ndicho sampuli. Mtafiti wa soko hawezi kuwauliza wafamasia wote, kwa hiyo huchagua wachache, na akiwachagua vibaya majibu yao yatampotosha hata kama kila mmoja amesema kweli.

Hapo ndipo linapotoka suala linalowakasirisha watu kuliko yote: mchujo. Unafungua mwaliko, unajibu maswali matano kuhusu kazi yako, kisha skrini inakuambia asante, hufai kwa utafiti huu. Hujalipwa, au umepewa senti chache za kukushukuru. Watu husema wamedhulumiwa. Mara nyingi hawajadhulumiwa. Maswali yale ya mwanzo ndiyo kukoroga sufuria.

Wafanyabiashara wa sangara wanalielewa hili vizuri kuliko mtu yeyote. Sheria za ziwa zinataka sangara asipungue sentimita 50. Aliye chini ya hapo hapokelewi kiwandani, hata kama ni mnono na amevuliwa alfajiri ileile. Hana ubaya wowote, ila hayumo ndani ya kipimo. Mtafiti naye huja na kipimo chake: tuseme anataka madaktari waliomaliza masomo kati ya miaka 3 na 30 iliyopita, wanaoona wagonjwa wasiopungua 10 wa selimundu kwa mwezi, na ambao wao wenyewe ndio wanaoamua dawa. Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 20 atatolewa swali la pili.

Kuna na sababu nyingine ya kutolewa, ambayo haihusiani na sifa zako hata kidogo. Kila kundi lina idadi yake. Kama wanatakiwa wafamasia 30 na thelathini wamekwishajibu, wa thelathini na moja ni abiria aliyefika stendi daladala ikiwa imejaa. Ndiyo maana mwaliko uliofunguliwa dakika kumi baada ya kufika una nafasi kubwa kuliko uliofunguliwa kesho yake baada ya zamu.

Kosa linalofanywa baada ya kutolewa mara mbili tatu ni kuanza kubahatisha jibu "linalotakiwa" ili kupita. Anayeona wagonjwa wanne anaandika arobaini. Mbali na kuwa ni uongo, hauendi mbali. Maswali huulizwa tena mwishoni kwa sura nyingine, na majibu mawili yakigongana rekodi yako huwekwa alama. Mfumo pia hupima muda. Dodoso la dakika 20 likimalizwa kwa dakika 4, hufutwa. Hutazama kama umetiki safu moja kutoka juu hadi chini. Huweka swali la mtego kama "hapa chagua jibu la tatu" kuona kama unasoma. Ukifutwa mara kadhaa akaunti hufungwa, na fedha ulizokwisha kusanya mara nyingi hupotea nazo.

Mnyororo wa watu usiowaona

Dagaa wa Ukerewe hutoka kwa mvuvi, akapita kwa mchuuzi, akafika Mwaloni Kirumba, akapakiwa kwenye lori hadi Kongo. Mlaji wa kule hamjui mvuvi, na mvuvi hamjui mlaji. Madodoso haya yana mnyororo unaofanana na huo. Juu kabisa yuko mdhamini, kwa kawaida kampuni ya dawa au vifaa. Mdhamini huikodi kampuni ya utafiti iandike maswali na kuchambua majibu. Kampuni ya utafiti haina orodha ya madaktari, hivyo huenda kwa mwenye jopo, yaani kampuni iliyowasajili na kuwahakiki wataalamu waliokubali kupokea mialiko. M3, yenye asili ya Japani, na Sermo, ulioanza Marekani mwaka 2005 kama mtandao wa madaktari, ni mifano inayotajwa sana. Wewe uko mwisho wa mnyororo, unamfahamu mwenye jopo tu.

Usiri huo hauna ujanja ndani yake. Mdhamini hatajwi mwanzoni kwa sababu ukijua ni nani anauliza, jibu lako litampendelea au litamkomoa. Na mdhamini naye hapewi jina lako, kwa sababu malipo ya kampuni ya dawa kwa mtu anayeandika dawa ni jambo la hatari. Marekani ina sheria ya mwaka 2010 inayozilazimisha kampuni kutangaza hadharani malipo wanayowapa madaktari. Utafiti wa soko ambao kampuni haijui ni nani aliyelipwa hauingii kwenye orodha hiyo. Usiri wa pande mbili ndio unaotenganisha maoni na rushwa.

Kanuni za kazi hii si za jana. Jumuiya ya watafiti wa soko ya ESOMAR ilitoa kanuni zake za kwanza mwaka 1948, na EphMRA, inayoshughulika na utafiti wa soko la afya hasa, imekuwepo tangu 1961. Kanuni hizo zinasema mambo ambayo mhudumu wa Mwanza anaweza kuyatumia kama rungu la kujilinda: ushiriki ni wa hiari, unaweza kuacha katikati, unaelezwa mapema urefu wa dodoso na malipo, na kama ni mahojiano ya simu unaambiwa kabla kwamba yanarekodiwa na nani anasikiliza. Mwaliko usiotaja muda na malipo umeshavunja kanuni kabla hujaanza.

Kwa nini mialiko haifiki Mwanza

Hapa ndipo penye ukweli usiopendeza. Mtafiti huuliza pale dawa inapouzwa au itakapouzwa. Dawa mpya ya gharama kubwa huanzia Marekani, Ulaya Magharibi na Japani, hivyo daktari bingwa wa damu aliyeko Berlin anaweza kupata mialiko kila wiki na mwenzake wa Bugando akakaa miezi bila hata mmoja. Si dharau kwa taaluma. Ni soko. Kiwango nacho hufuata nchi: malipo huhesabiwa kwa thamani ya muda wa mtaalamu wa aina yako mahali ulipo. Kwa hiyo picha ya skrini ya dola 150 iliyotumwa na ndugu aliyeko Chicago inaweza kuwa ya kweli kabisa na isikuhusu.

Kinachokuja Tanzania, kikija, hugusa mambo ambayo wataalamu wa huku wanayajua kuliko wa Berlin: malaria na vipimo vyake vya haraka, uzazi wa mpango, chanjo, dawa za kufubaza VVU, selimundu, kichocho, vifaa vya maabara. Na hapa uzushi mmoja uondoke: si kazi ya madaktari peke yao. Mtu anayejua kama dawa inauzwa nusu dozi kwa sababu mteja hana fedha ni muuzaji wa duka la dawa muhimu, si daktari bingwa. Mkunga wa zahanati, mfamasia na mtaalamu wa maabara huhitajika kwa yale wanayoyaona wao.

Wapo wanaotaka kukata njia kwa kutumia VPN, programu inayoficha mahali ulipo, ili waonekane wako London. Msijaribu. Jopo la Uingereza litaomba namba ya usajili wa baraza la huko, na huna. Ukitunga, umeshaingia kwenye kughushi, na jina lako ni lilelile lililoko kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari la Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kamba unayoikata ni ile iliyokushikilia kazini.

Hesabu bila kujidanganya

Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Dola moja tuihesabu kwa shilingi 2,500. Mwezi mzuri umepata mialiko 6. Kila mchujo unakula dakika 4. Mitano umetolewa, mmoja umepita: una dakika 20 zaidi na unalipa dola 15. Muda wote ni dakika 44, na ulichopata ni shilingi 37,500. Kwa muda ule si haba hata kidogo. Lakini mwezi unaofuata hakuna mwaliko, na jopo lako halitoi fedha mpaka salio lifike dola 25. Zile 37,500 zinakaa huko. Zikija kufika, kama benki inakata dola 10 kupokea uhamisho wa nje, asilimia 40 ya zile dola 25 imekwenda na maji.

Kwa hiyo hii ni fedha ya bando, nauli na vitabu vya mtoto. Anayeipangia kodi ya nyumba ya kila mwezi atalala nje. Mahojiano ya simu ya dakika 45 hadi 60 hulipa vizuri zaidi kuliko kutiki visanduku, kwa kuwa yanahitaji mtu anayeweza kueleza sababu za uamuzi wake. Ila ni machache, na mengi huendeshwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kujisajili popote, tazama kwanza ukurasa wa malipo, si ukurasa wa karibu. Watu wengi wa huku hujaza madodoso kwa miezi ndipo wagundue fedha haina mlango wa kuingilia. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokea. Kadi za zawadi za Amazon zina faida kwa mtu anayenunua huko na kuletewa mzigo. Kwa aliyeko Nansio ni karatasi. Tafuta kama wanalipa kwa uhamisho wa benki au kwenye mitandao ya simu kama M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas. Majopo ya jumla yasiyo ya afya, kama GeoPoll, huendesha madodoso mafupi kwa simu hapa nchini na hulipa kwa muda wa maongezi. Ni kidogo, lakini unafika.

Jambo dogo linalozuia malipo mara nyingi kuliko utapeli ni jina. Leseni inasema majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, wasifu wa jopo una jina la ndoa. Uhakiki unakwama na barua pepe yao inaishia kwenye kapu la taka. Andika jina kama lilivyo kwenye leseni, tumia barua pepe yako binafsi badala ya ya kazini, na leseni ikihuishwa irekebishe huko pia.

Mgonjwa hauzwi

Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu ndipo mtu mwema anapoweza kufanya kosa kubwa bila nia mbaya.

Dodoso la kawaida huuliza unavyofanya kwa ujumla: kati ya wagonjwa kumi wa shinikizo la damu, wangapi unawaanzishia dawa mbili? Hilo ni maoni yako. Lakini lipo dodoso la aina nyingine linaloomba ujaze taarifa za wagonjwa wako watano wa mwisho kutoka kwenye mafaili yao: umri, jinsia, vipimo, tarehe, dawa. Linalipa zaidi, na linasema hakuna jina linalohitajika, kwa hiyo wengi huona halina shida.

Jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Andika "mwanamke, miaka 34, saratani ya aina fulani, anatoka Ukara, aligundulika tarehe 12", na mtu yeyote wa kisiwa kile anajua unamsema nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Kwa VVU kuna ulinzi wa ziada katika sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI. Na faili lenyewe ni mali ya kituo, si lako. Kulifungua kwa ajili ya dodoso kunahitaji ruhusa ya maandishi ya uongozi: mganga mfawidhi kwenye zahanati au kituo cha afya, mkurugenzi au mganga mfawidhi kwenye hospitali. Kama hutaki kwenda kuomba ruhusa hiyo kwa sababu unajua utaulizwa maswali, basi jibu umeshalipata.

Picha ya rejesta ya wagonjwa ya MTUHA, ya kadi ya CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), ya fomu ya maabara au ya kidonda cha mgonjwa haitumwi kwa mtafiti wa soko kwa bei yoyote ile. Hali ya dawa stoo, bei za zabuni na madai ya bima ya kituo nazo si maoni. Ni taarifa za mwajiri. Aliyemo kwenye kamati ya dawa na tiba ya hospitali, au anayeshiriki manunuzi, awe mwangalifu mara mbili: dodoso linalouliza "kituo chenu kitanunua mashine gani mwakani na kwa bei gani" anapaswa kulifunga hapohapo.

Kuna hali moja inayowashangaza watu. Umeandika kwenye jibu kwamba mgonjwa wako alivimba uso baada ya dawa fulani, kisha unapigiwa au kuandikiwa ueleze zaidi. Si mtego. Kampuni za dawa zinawajibika kukusanya taarifa za madhara ya dawa zao popote zinapozisikia, hata ndani ya dodoso, na unaulizwa kama unakubali jina lako litajwe au la. Hata hivyo, kulieleza dodoso hakukuondolei wajibu wa kuripoti TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa fomu zake za madhara ya dawa. Hizo hazilipi, na ndizo zinazomsaidia mgonjwa mwingine wa hapa.

Mwajiri na TRA

Mtumishi wa umma hafanyi kazi hii wakati wa zamu, kwa kompyuta ya ofisi, wala kwa kujitambulisha kama msemaji wa hospitali. Anajibu kama mtaalamu, kwa muda wake. Hospitali nyingi binafsi na za mashirika zina kipengele cha kazi za nje kwenye mkataba; kisome kabla.

Kuhusu kodi, uzushi unaosambaa ni kwamba fedha iliyotoka nje haina kodi. Si kweli. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje. Mshahara wako umeshakatwa kabla hujaupokea, lakini mapato ya dodoso hayajakatwa, na mwenye mapato ya ziada hutakiwa kuyaeleza kwenye ritani ya mwaka, yaani fomu ya kueleza mapato kwa TRA, ambayo kwa mwaka unaoishia Desemba huwasilishwa kabla ya Juni 30 kuisha. Kampuni ya ndani ikikulipa kwa huduma inaweza kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai hati ya makato hayo, maana ni kodi uliyokwisha kulipa. Daftari dogo lenye tarehe, jina la jopo, kiasi na siku kilipofika linatosha.

Jinsi chambo kinavyoonekana

Fedha katika utafiti wa kweli hutembea upande mmoja: kutoka kwao kuja kwako. Ada ya usajili, ada ya "kufungua akaunti", ada ya mafunzo, kodi ya kulipia kwanza ili fedha itolewe, vyote hivyo vinageuza mkondo. Jopo la kweli haliuzi ngazi za uanachama. Likikuambia lipa shilingi 50,000 upate madodoso ya daraja la juu, na ukileta wenzako watatu utapata asilimia, huo ni upatu, na nchi hii iliona kwa DECI mwaka 2009 jinsi upatu unavyoishia.

Utapeli wa siku hizi umejifunza subira. Siku ya kwanza wanakutumia shilingi 3,000 kwa kujibu maswali mepesi, na unapokea kweli. Siku ya pili 5,000. Siku ya tatu unaambiwa kuna "kazi kubwa" inayohitaji uweke 80,000 kwanza. Zile 8,000 za mwanzo zilikuwa mtaji wao. Ndiyo maana hoja ya "mbona mimi nimelipwa" haithibitishi kitu. La kuuliza ni kama umewahi kuombwa kulipa.

Jopo la kweli huomba namba ya leseni, kada, mwaka wa kuhitimu, na pengine picha ya leseni au barua ya kazi kupitia tovuti yake. Haliombi namba ya siri ya simu, tarakimu za uthibitisho zilizokuja kwa ujumbe mfupi, nenosiri la barua pepe, wala picha yako ukiwa umeshika kitambulisho kupitia WhatsApp. Jina kubwa ni rahisi kuigwa, kwa hiyo usibofye kiungo kilichotumwa kundini. Andika mwenyewe anwani ya kampuni kwenye kivinjari, soma sera yake ya faragha, na uwaandikie kuuliza kama mwaliko ni wao.

Kwa aliyekwishatuma vielelezo vyake kabla ya kusoma hapa, yapo ya kufanya leo hiihii. Piga *106# uone kama kuna laini za simu ambazo huzijui zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiikuta moja nenda duka la mtandao husika ikafungwe. Badili nenosiri la barua pepe na namba ya siri ya simu. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040. Ikiwa fedha imetoka, pigia mtandao wa simu mara moja kuomba muamala uzuiwe kabla mpokeaji hajautoa, kisha chukua namba ya taarifa polisi, maana bila hiyo ufuatiliaji hauendi mbali. Liandikie baraza lako la taaluma kwamba nakala ya leseni yako iko mikononi mwa watu usiowajua, ili ikitumika mahali kuwe na rekodi kwamba ulitoa taarifa mapema. Matumizi mabaya ya taarifa zako yana pa kulalamikiwa pia: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Na rudi kwenye lile kundi la wodi uandike kilichotokea, kwa sababu ujumbe ule bado uko pale juu na kuna mwenzako anayeusoma sasa hivi akitoka zamu.